Paa la Umeme la Gari Likikwama: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Paa la umeme, yaani lile linalojikunja na kujificha nyuma ya gari, linapogoma kufunguka au kufunga, mwenye gari huanza kuwaza bei ya pampu mpya kabla hata hajafungua buti. Mara nyingi hofu hiyo haina msingi, kwa sababu paa lililokwama si lazima liwe limeharibika. Huenda limekataa tu kusogea, kwa kuwa kompyuta yake inasubiri taarifa fulani ambayo haijafika. Mwenye paa lililokataa hahitaji kipuri, anahitaji kujua ni taarifa ipi inayokosekana. Mwenye paa lililoharibika kweli, akilishurutisha kwa nguvu, huzalisha hitilafu ya pili ambayo aghalabu ni ghali kuliko ile ya kwanza.

Magari mengi ya paa la kukunjwa hutumia mota ya umeme inayozungusha pampu ya mafuta ya haidroliki, na mafuta hayo huzisukuma silinda zilizofichwa kwenye fremu ya paa, kwenye kifuniko cha nyuma na, katika baadhi ya magari, kwenye komeo lililo juu ya kioo cha mbele. Mengine, kama Mazda MX-5 RF, hayatumii mafuta kwa kazi hii. Yana mota za umeme na gia pekee. Kwa vyovyote vile, kazi hufanyika kwa hatua zinazofuatana: vioo vya milango hushuka kidogo, komeo la mbele hufunguka, kifuniko cha nyuma huinuka, paa hujikunja na kulala mahali pake, kisha kifuniko hurudi chini. Kila hatua ina swichi ndogo au sensa yake, na hatua inayofuata haianzi mpaka sensa hiyo ithibitishe kwamba ya kwanza imekamilika. Mpangilio huu ni wa zamani kuliko kompyuta za magari. Ford Skyliner ya mwaka 1957, iliyokuwa na paa gumu la kujificha ndani ya buti, iliendeshwa na mlolongo wa swichi, rilei (swichi zinazofunguliwa na kufungwa kwa umeme) na mota tupu, na swichi moja isipojibu paa lilisimama njiani kama yanavyosimama ya leo.

Kwa hiyo maswali mawili hutangulia mengine yote. La kwanza: unapobonyeza swichi, unasikia nini? Mngurumo wa pampu, mlio mfupi wa rilei, au kimya? La pili: ni hatua gani ya mwisho iliyokamilika? Majibu ya maswali haya mawili hupunguza uwezekano mwingi kabla hujashika bisibisi.

Kabla ya kugusa chochote

Fremu ya paa ni mkasi. Mikono yake ya chuma hupishana kwa nafasi isiyotosha kidole, na pampu haitofautishi kitambaa na mkono wa mtu. Usiingize mkono kwenye bawaba za paa au chini ya kifuniko cha nyuma wakati mtu mwingine ameshika swichi, na usifanye kazi chini ya paa lililoinuka nusu bila kulikingia kwa gogo au kushikiwa na msaidizi, kwa kuwa shinikizo la mafuta likipotea ghafla paa huanguka kwa uzito wake wote. Watoto wawe mbali na gari.

Mafuta ya haidroliki yakiwa chini ya shinikizo yanaweza kutoboa ngozi kupitia ufa usioonekana kwa macho. Usitafute mvujo kwa kupapasa bomba wakati pampu inafanya kazi. Zima, subiri, kisha tumia kipande cha katoni au kitambaa cheupe. Mtu akichomwa na mafuta hayo aende hospitali mara moja, hata kama jeraha linafanana na tundu la sindano na haliumi.

Jambo la mwisho katika tahadhari ni vyuma vya kinga vinavyochomoka nyuma ya viti gari likikaribia kupinduka. Vimefichwa karibu kabisa na mitambo ya paa na hufyatuka kwa nguvu kubwa. Nyaya zenye soketi za manjano ni za mifuko ya hewa na vifaa vya aina hiyo, na mtu asiye fundi aziache kama zilivyo.

Dalili ya kwanza: unabonyeza swichi, kimya kabisa

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi, na ndiyo ambayo mara nyingi huisha bila kununua chochote. Sababu inayoongoza ni sharti ambalo halijatimizwa. Magari mengi yana pazia au ubao ndani ya buti unaotenga mahali pa mizigo na mahali paa linapolala, na lisipofungwa hadi mwisho wa reli yake paa halianzi. Livute pazia hilo lote, ulilegeze, ulifunge tena mpaka likamate pande zote mbili. Niliwahi kutumia asubuhi nzima nikipima fyuzi na rilei za gari lililokuwa kimya, na mwishowe nikakuta mwavuli uliolazwa chini ya pazia ulikuwa umeliinua kwa unene wa kidole, ikatosha kuitenga sumaku na sensa yake. Tangu siku hiyo huanza na buti tupu.

Masharti mengine hutegemea gari. Buti lazima iwe imefungwa, na kompyuta iamini kwamba imefungwa; taa ya buti inayobaki inawaka, au ujumbe wa buti wazi kwenye dashibodi, ni ushahidi kwamba sensa ya komeo inasema vinginevyo. Baadhi ya magari hudai yasimame kabisa, mengine huruhusu mwendo wa hadi takriban kilomita 50 kwa saa. Porsche Boxster za kwanza hudai breki ya mkono iwe imevutwa, na mengine hudai gia iwe huru au mguu uwe kwenye breki. Peugeot 206 CC ina makomeo mawili ya mkono juu ya kioo cha mbele, na moja lisipozungushwa hadi mwisho paa halitaanza. Kuna pia kikomo cha baridi: kitambaa na dirisha la nyuma la plastiki huwa vigumu hali ya hewa ikishuka sana, na dirisha la plastiki likikunjwa katika hali hiyo hupasuka, kwa hiyo kukataa kwa paa huko ni ulinzi wala si kasoro. Kitabu cha gari hueleza masharti haya yote, na dakika tano za kukisoma ni nafuu kuliko saa moja kwa fundi.

Masharti yakiwa sawa, mshuku wa pili ni betri. Pampu ya paa hula umeme mwingi kwa muda mfupi, na kompyuta hukataa kuanza kazi ambayo inaona huenda isiikamilishe. Betri yenye chaji kamili, iliyopumzika kwa saa kadhaa, huonyesha takriban volti 12.6, ikionyesha 12.2 imebakiwa na karibu nusu, na chini ya 12 haifai kwa kazi hii hata kama bado inawasha taa. Washa injini mahali penye hewa ya kutosha, iache inguruma dakika kadhaa, kisha jaribu tena. Paa likikubali injini ikiwa imewashwa na kukataa ikiwa imezimwa, tatizo lako ni betri au vichwa vyake vilivyoota ukungu, si paa.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye fyuzi. Pampu huwa na fyuzi yake kubwa, mara nyingi ya ampea 30 au 40, na kompyuta ya paa ina yake ndogo. Zote mbili zipimwe kwa mita ya umeme pande zote mbili badala ya kuangaliwa kwa macho, kwa kuwa ufa mwembamba hauonekani. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe na ya ukubwa uleule. Ikiungua tena, acha: kuna waya unaogusana au mota iliyokwama, na fyuzi kubwa zaidi itahamishia moto kwenye nyaya.

Rilei ni rahisi kuzijaribu. Mota ya pampu mara nyingi huzunguka pande mbili, na kila upande una rilei yake. Paa linalofunguka lakini halifungi, au kinyume chake, bila kuonyesha dalili nyingine, linaelekeza huko. Kama rilei mbili zina namba ileile, zibadilishane nafasi: tatizo likihama, umeshampata mkosaji.

Sababu inayofuata huwapiga chenga hata mafundi wazoefu, nayo ni nyaya zilizokatika kwenye bawaba za buti. Buti hufunguliwa na kufungwa mara maelfu, na katika magari ya paa gumu kifuniko hicho hufunguka upande wa nyuma kwa mizigo na upande wa mbele kwa paa, hivyo nyaya hukunjwa kila mara mahali palepale. Shaba hukatika ndani huku ganda la nje likibaki zima. Ukifungua mpira unaozifunika, usizitazame tu; shika kila waya pande mbili za mkunjo na uuvute taratibu. Waya mzima hukaza kama uzi. Uliokatika hunyumbuka kama utepe wa mpira, na ukiubinya kwa kidole unasikia mahali palipokuwa patupu. Waya kama huo uunganishwe kwa kulehemu kipande kipya kinachonyumbuka vizuri, na kiungo kiwekwe mbali na mkunjo. Mkanda wa plastiki pekee hautadumu.

Swichi yenyewe, hasa ile iliyo kati ya viti ambapo vinywaji humwagika, ni sababu ya nadra kidogo. Kompyuta ya paa ndiyo ya mwisho kabisa kushukiwa, isipokuwa kama kuna dalili za maji ndani ya buti, jambo tutakalolirudia.

Dalili ya pili: pampu inanguruma, paa halisogei

Hapa umeme upo na mota inazunguka. Kinachokosekana ni shinikizo au njia ya kulifikisha. Uliza kwanza kama kuna mtu aliwahi kulifunga paa hilo kwa mkono. Ili kulifunga hivyo hulegezwa skrubu ya vali ya dharura kwenye pampu, na skrubu hiyo ikisahaulika wazi mafuta huzunguka ndani ya pampu bila kusukuma chochote. Kuikaza tena, kwa kiasi bila kuivunja shingo, humaliza kesi.

La pili ni mafuta kupungua. Mfumo huu umefungwa, haunywi mafuta kama injini, kwa hiyo tangi likiwa chini ya alama maana yake mafuta yametoka mahali fulani na mahali hapo patafutwe. Hapa kuna mtego. Kiwango cha mafuta ndani ya tangi hubadilika kulingana na paa lilipo, kwa sababu silinda zilizonyooka hubeba mafuta mengi kuliko zilizojikunja. Pima paa likiwa katika hali iliyotajwa na mtengenezaji, la sivyo utaongeza mafuta yasiyohitajika, na yatafurika ndani ya buti paa litakapobadilisha hali. Aina ya mafuta nayo si ya kubahatisha: mifumo mingine hutumia mafuta maalumu ya haidroliki, mingine mafuta ya giaboksi otomatiki, na baadhi ya magari ya zamani ya Kimarekani yalitumia mafuta ya breki. Ukichanganya, sili za mpira huvimba au kuyeyuka, na gharama ya kuzibadilisha kwenye silinda zote haina mfano. Baada ya kuongeza mafuta sahihi, katika mifumo mingi hewa hutoka yenyewe ukilifungua na kulifunga paa mara chache, ukiipa pampu muda wa kupoa kati ya zamu.

Kama mafuta yapo na vali imefungwa, sikiliza sauti. Mngurumo mzito unaotaka kusimama ni dalili kwamba pampu inasukuma kitu kisichotaka kutoka, mara nyingi komeo la mbele lililokamatwa au kifuniko cha nyuma kilichogandamizwa na mzigo. Zima mara moja. Sauti nyepesi, ya kasi, kama ya mashine isiyobeba kitu, huashiria hewa ndani ya mabomba, au kiungo kati ya mota na pampu kilichokatika. Hicho cha mwisho ni kazi ya fundi, sawa na vali za ndani zilizokwama.

Dalili ya tatu: paa linaanza vizuri, kisha linasimama njiani

Dalili hii hutokea mahali pabaya kuliko nyingine zote, kwa sababu gari haliendesheki na mvua haingoji. Usikimbilie kulisukuma. Bonyeza swichi upande wa kurudi, uone kama paa litarudi lilikotoka. Likirudi hadi mwisho, kompyuta huanza hesabu upya na mara nyingi jaribio la pili hufaulu. Lisiporudi, zima swichi ya gari, subiri dakika moja au mbili, washa injini, kisha bonyeza na ushikilie bila kuachia mpaka vioo vya milango vipande juu. Watu wengi huachia swichi sekunde mbili kabla ya wakati, paa likiwa limekaa mahali pake lakini halijafungwa, kisha hudhani limeharibika.

Sababu ya kawaida ya kusimama njiani ni, tena, umeme. Betri dhaifu huweza kuanza kazi lakini ikashindwa pale paa linapokuwa zito zaidi, yaani linapoinuliwa kutoka lilipolala. Weka mita kwenye betri na umwombe msaidizi abonyeze: volti zikiporomoka hadi karibu 10 au 11, sababu ni hiyo. Kama volti za betri ziko imara lakini pampu yenyewe inapata chache, chunguza waya wa hasi wa pampu mahali unapofungwa kwenye bodi, kwa kuwa kutu kidogo hapo hutosha.

Pili ni joto. Mota ya pampu haikuundwa kufanya kazi mfululizo, na baada ya kulifungua na kulifunga paa mara kadhaa kuwaonyesha rafiki, kinga yake hukata umeme. Subiri nusu saa. Si ugonjwa.

Tatu ni vioo. Betri ikitolewa au ikifa kabisa, vioo vya milango husahau vilipo mwisho wa juu na wa chini, na paa lisilojua kama kioo kimeshuka hukataa kuendelea lisije likakivunja. Katika magari mengi hufundishwa upya kwa kupandisha kioo hadi juu na kuendelea kushikilia swichi sekunde chache, kisha kukishusha hadi chini na kushikilia vilevile. Fanya kwa kila kioo, pamoja na vile vidogo vya nyuma kama vipo.

Nne, na kwa paa za kitambaa hii ningeipandisha juu zaidi, ni mikanda ya kuvuta iliyolegea. Ndani ya paa, kati ya kitambaa na fremu, kuna mikanda ya mpira inayokivuta kitambaa kuelekea ndani kinapokunjwa ili kisinaswe na mikono ya chuma. Ikizeeka hulegea, kitambaa hutokeza pembeni, mikono hukibana, na paa husimama au, vibaya zaidi, halisimami. Tafuta mistari ya mchubuko au vitundu vidogo kwenye pembe juu ya vioo vya nyuma. Vikiwa vinafanana pande zote mbili, mikanda imekwisha. Ni kipuri cha bei ndogo kinacholinda kitambaa cha bei kubwa, na sijui kwa nini hakikaguliwi mara kwa mara.

Zaidi ya hapo ni sensa. Kumbuka swali la hatua ya mwisho iliyokamilika: kifuniko kikiwa kimeinuka hadi mwisho na paa halijaanza kusogea, sensa ya kifuniko ndiyo ya kwanza kutazamwa. Huenda ina uchafu, imelegea kwenye skrubu yake, au kibati kinachoishika kimepinda kidogo baada ya mtu kukilazimisha kifuniko. Kisomaji cha kawaida cha hitilafu za injini hakitaiona; inahitajika mashine inayozungumza na kompyuta ya paa, ionyeshe kila sensa inavyobadilika paa linaposogea. Bila mashine hiyo, kununua sensa kwa kukisia ni kamari.

Dalili ya nne: upande mmoja unautangulia mwingine

Acha papo hapo. Silinda ya upande mmoja inavuja, au mkono, kebo au kiungo cha plastiki kimekatika, na kila sekunde unayoendelea kubonyeza swichi fremu nzima inapinda. Usijaribu hata kulirudisha. Piga picha pande zote mbili na umwite fundi.

Dalili ya tano: paa limefunga, lakini onyo halizimiki

Paa linaonekana limekaa, lakini taa inawaka, kengele inalia, au vioo havipandi. Anza na komeo la mbele: fungua na ufunge tena huku ukitazama kama ndoano zinaingia kwenye matundu yake katikati au zinakwaruza ukingo. Takataka, jani lililokauka au mpira wa pembeni uliojikunja hutosha kuzuia milimita mbili za mwisho. Futa mipira kwa kitambaa chenye maji, ikauke, kisha ipake kilainishi maalumu cha mpira; mafuta ya injini na grisi huiharibu. Baada ya hapo shuku swichi ndogo ya komeo, halafu mpangilio wa paa lenyewe, ambao hurekebishwa kwa skrubu ambazo mtu asizizungushe bila kuweka alama zilipokuwa.

Usiendeshe kwa kasi paa likiwa halijathibitisha kwamba limefungwa. Upepo huingia chini ya ukingo wa mbele na kuliinua, na paa lililoinuliwa na upepo halirudi likiwa zima.

Dalili ya sita: mafuta yanadondoka, au maji yamejaa buti

Doa la mafuta kwenye zulia la buti, au tone juu ya kioo cha kuangalia nyuma, ni taarifa ya mapema ambayo haifai kupuuzwa. Katika magari yenye silinda ya komeo juu ya kioo cha mbele, sili zake huzeeka na kudondosha mafuta juu ya abiria. Katika Jaguar XK8 za mwanzo mafuta hayo ni ya kijani, na bomba lake likipasuka humwagika juu ya dashibodi yote. Funga paa kama bado linakubali, kisha uliache. Silinda nyingi hurekebishwa kwa kubadilishwa sili badala ya kununuliwa mpya, lakini ni kazi ya mwenye vifaa na uzoefu.

Maji ni adui wa kimyakimya. Paa limezungukwa na mifereji inayopeleka maji ya mvua chini ya gari kupitia mabomba membamba, na yakizibwa na majani maji hutafuta njia ndani ya buti, ambako mara nyingi pampu na kompyuta ya paa ziko kwenye kona za chini. Inua zulia, gusa sponji iliyo chini. Zibua kwa mrija laini wa plastiki na maji yasiyo na kasi. Waya mgumu hutoboa bomba, na hewa ya kompresa hulichomoa mahali lisipofikika kwa mkono. Kama kompyuta imelowa, toa waya wa hasi wa betri kabla ya kufanya lolote, wala usiijaribu kabla haijakauka.

Kufunga paa kwa mkono

Gari lililo wazi chini ya mawingu halingoji fundi, na watengenezaji wengi wameweka njia ya dharura. Utaratibu hutofautiana, hivyo kitabu cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho, lakini kwa mifumo ya mafuta mambo makuu ni haya. Zima gari na utoe ufunguo. Tafuta pampu, iwe ndani ya buti au nyuma ya kiti, na ulegeze skrubu ya vali ya dharura kwa kiasi kilichotajwa tu, kwa kawaida si zaidi ya mzunguko mmoja. Subiri dakika chache ili shinikizo litoke. Watu wawili, mmoja kila upande, waliinue paa kwa mwendo mmoja, wakishika fremu na si kitambaa wala kioo. Likikaza mahali fulani, rudini nyuma kidogo mtazame kinachozuia. Kinachokaza hapo huwa ni komeo au kifuniko ambacho bado kimefungwa, na hakuna nguvu ya mikono itakayokitatua. Likifika mbele, lifunge kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) inayowekwa kwenye tundu la komeo. Kama ndoano hazijashika, gari lisiendeshwe; lipakiwe kwenye lori la kubebea magari.

Magari ya mota za umeme pekee mara nyingi hayana njia rahisi kama hiyo, kwa kuwa gia zake hushikilia paa mahali liliposimama.

Mahali pa kuishia

Mwite fundi anayeyajua mapaa haya, si wa injini tu, ukikutana na mojawapo ya haya: paa ambalo upande mmoja unautangulia mwingine, mvujo wa mafuta wenye shinikizo, fyuzi inayoungua mara mbili, harufu ya kuungua, sauti ya kitu kuvunjika, kioo cha nyuma kilichoachana na kitambaa, au kazi yoyote inayogusa nyaya za manjano. Paa likiwa limesimama nusu njia na halikubali kwenda mbele wala nyuma, usiliache hivyo likiwa na shinikizo. Katika baadhi ya magari mafuta hulegea baada ya muda na paa hushuka lenyewe.

Mpe fundi maelezo badala ya hukumu. Mwambie ulichosikia, hatua iliyokamilika mwisho, volti ulizopima, na kama tatizo huja wakati wa joto, baridi au baada ya mvua. Picha ya video ya paa likijaribu kusogea, iliyopigwa kutoka pembeni, humwokolea muda mwingi, na kama unayo nyingine ya siku lilipokuwa zima, mpe zote mbili alinganishe. Muhimu kuliko yote, mweleze kama uliigusa skrubu ya vali ya dharura, kwa kuwa asipojua atalikuta paa halisogei, na ataanza kuifungua pampu ambayo haina kasoro yoyote.